Eugene Aram na mifupa ya pangoni: aliyeua ni yeye au ni yule shahidi?

mfukuzi_wa_kesi

Wakuu kwema? Kuna kesi ya zamani sana ya Uingereza nimeisoma na imenikaa kichwani vibaya, naileta hapa wale wa historia na wale wa sheria mnisaidie, maana mi naona kama kuna mtu alinyongwa kwa mdomo wa muuaji mwenzake, au pengine wa muuaji mwenyewe.

Iko hivi. Knaresborough, mji mdogo tu wa Yorkshire, mto Nidd unapita chini, juu kuna ngome iliyobomoka, pembeni mashamba na machimbo ya mawe ya chokaa. Mwaka 1745 mwezi wa pili kuna kijana fundi viatu anaitwa Daniel Clark, kaoa juzijuzi na mji mzima unajua kuna pesa ya mke inakuja. Jamaa akaitumia hiyo hiyo, akazunguka kwa wafanyabiashara anachukua vitu kwa mkopo, vyombo vya fedha, vito, vitambaa, kila mtu anampa tu maana wanajua atalipa. Halafu usiku mmoja katoka hakurudi. Mji ukasema huyo katoroka na mali za watu na mke kamwacha hapo. Basi, ikaishia hapo.

Clark alikuwa na washkaji wawili. Mmoja Richard Houseman, fundi wa kuchambua kitani. Mwingine ndo Eugene Aram, mwalimu wa shule, mtu maskini mtoto wa mtunza bustani, kajisomea mwenyewe Kilatini, Kigiriki na Kiebrania mpaka akaiva. Nyumba zikapekuliwa, mali kidogo ikakutwa kwa Houseman na nyingine imefukiwa kwenye bustani ya Aram. Aram akakamatwa kwa ajili ya deni, watu wakashangaa akalilipa cash, kisha akaondoka mjini akamwacha mke wake Anna na watoto. Miaka ikapita, akafundisha London na sehemu nyingine, mwisho akatua shule ya King's Lynn huko Norfolk.

Sasa tarehe 1 Agosti 1758 kibarua anachimba mawe sehemu inaitwa Thistle Hill, nje kidogo ya mji, akakuta mifupa ya mtu. Mji mzima, heh, Clark huyo! Houseman akaletwa mbele ya uchunguzi, akaambiwa shika mfupa, akaushika akasema huu sio mfupa wa Dan Clark kama ambavyo sio wangu mimi. Mnaona alivyojikaanga? Umejuaje sio wake kama hujui wake uko wapi? Wakambana kidogo akasema Clark yuko kwenye pango la St Robert, na akaeleza mpaka kichwa kimelalia upande gani pale kwenye kona ya kuingilia. Wakaenda wakachimba, mifupa ipo vilevile alivyosema. Halafu akasema aliyeua ni Aram.

Aram akafuatwa Lynn, akakaa ndani York karibu mwaka mzima, kesi tarehe 3 Agosti 1759, Houseman akaachiwa ili awe shahidi, Aram akanyongwa tarehe 6.

Maswali yangu ni mawili. Nani alimpiga Clark? Na mahakama ilimwaminije mtu ambaye anajua maiti ilipo mpaka kichwa kimegeukia wapi?

kalamu_nyeusi

Mkuu umeileta vizuri. Nianze na swali lako la pili maana hilo linajibika.

Usiifikirie kesi hii kama ya leo. Kijijini Uingereza wakati ule hakuna polisi, polisi wa kulipwa wa London wenyewe walianza 1829. Kulikuwa na konstebo wa parokia, na huyo ni jirani yako tu, mkulima au muuza duka ambaye mwaka huo zamu imemwangukia, hana mafunzo na wengi walikuwa wanaikimbia hiyo kazi. Juu yake kuna hakimu wa amani ambaye ni mwenye mashamba wa eneo hilo, sio mwanasheria, anasikiliza maelezo nyumbani kwake, anaandika, anaamua nani apelekwe gerezani kusubiri. Mtu akifa kwa utata anaitwa ofisa wa kuchunguza vifo na jopo la wanaume wa hapohapo, wanaikagua maiti kwa macho yao wanasema kafaje. Hapo ndipo Houseman alipoletewa ule mfupa. Kesi za mauaji zinasubiri majaji wanaozunguka, wanafika mji mkuu wa kaunti kwa vipindi, wanakuta gereza limejaa, wanazimaliza ndani ya siku chache wanaondoka.

Sasa katika mfumo kama huo ushahidi unautoa wapi? Alama za vidole hakuna, damu huwezi kujua ni ya mtu au ya ng'ombe. Unategemea midomo. Na kosa la watu watatu usiku, mmoja kafa, midomo iliyobaki ni miwili. Kwa hiyo kumgeuza mmoja kuwa shahidi wa mfalme ilikuwa njia ya kawaida kabisa, hasa kwenye kesi za magenge. Houseman alisimamishwa kizimbani kwanza, upande wa mashtaka haukuleta ushahidi dhidi yake, akaachiwa rasmi, halafu akala kiapo palepale kumshuhudia mwenzake. Yaani katoka kizimbani kwa mlango mmoja kaingia kwa mwingine.

Na Aram hana wakili wa kumsemea. Kwenye makosa makubwa wakili aliruhusiwa kuhoji mashahidi jaji akikubali, ila kuhutubia jurii kwa niaba ya mshtakiwa hapana, hiyo ilikuja 1836. Mshtakiwa mwenyewe kula kiapo na kutoa ushahidi ni mpaka 1898. Unasimama unajitetea kwa maneno matupu.

BintiWaMachimbo

Nyie mnamhurumia sana Aram kwa sababu ni msomi. Angekuwa mchunga kondoo hakuna mtu angeifungulia uzi leo.

Hebu tuangalie alichosema yeye mwenyewe, achaneni na Houseman. Alipokamatwa Lynn na kuletwa mbele ya mahakimu alitoa maelezo, na kwenye maelezo hayo anakubali kwamba usiku ule alikuwa na Clark na Houseman, na anamuongeza mtu wa tatu, Terry, muuza pombe wa palepale. Anasema walienda pangoni kuviponda vile vyombo vya fedha, yeye kabaki nje analinda, wenzake wakatoka wakamwambia Clark kabaki. Sasa wewe ni mwalimu wa shule, saa nane za usiku, mwezi wa pili baridi ya Yorkshire, unalinda mlango wa pango watu wakiponda mali ya wizi, anaingia mtu hatoki na hujiulizi? Miaka 13 hujiulizi?

Halafu mahakamani akaja na hotuba ameiandika, nzuri ajabu, anasema kipindi kile nilikuwa mgonjwa hoi natembea kwa magongo. Magongo! Si juzi ulisema ulikuwa pangoni? Hizo hadithi mbili haziwezi kukaa nyumba moja.

Ile hotuba watu wanaisifia mpaka leo lakini isome kwa makini. Anasema tabia yangu ni njema, anasema mtu kupotea sio kufa, anatoa mfano wa mfungwa aliyetoroka ngome ya York mchana kweupe na minyororo yake na hakuonekana tena. Anasema mapangoni walikuwa wanazikwa watawa kwa hiyo mifupa pale ni jambo la kutarajiwa, na fuvu kupasuka kunaweza kutokana na watu waliovunja makaburi enzi za kuvunjwa nyumba za watawa. Yote sawa. Lakini usiku ule alikuwa wapi hasa, na nani alimwona, hasemi. Kwenye kusema kuhusu mifupa ya watu wote wa Uingereza ana kurasa, kwenye kusema kuhusu usiku mmoja hana kitu.

kalamu_nyeusi

Dada hapo kwenye magongo umenishika, hiyo tofauti sikuwahi kuiweka pamoja hivyo.

Ila tusiipite hoja ya mifupa haraka. Daktari alileta fuvu mahakamani akaonyesha limevunjika nyuma, akasema sio kuoza huko, ni pigo. Sawa, pigo. Lakini ni fuvu la nani? Aliyesema ni la Clark ni Houseman peke yake. Kama ile mifupa ya Thistle Hill ambayo mji mzima ulishaapa ni Clark, kumbe sio! Hakuna aliyehangaika tena kujua yule wa Thistle Hill ni nani. Mtu kafukiwa kilimani hapo, jina hana, na bila yeye kesi yote isingefunguka.

pepo_za_nidd

😂😂 Houseman angekaa kimya tu angekufa mzee kitandani na hakuna mtu angejua. Mdomo jamani mdomo

BintiWaMachimbo

@pepo_za_nidd alikufa bila kitanzi vilevile huyo, ndo kinachoniuma.

mzee_wa_kumbukumbu

Vijana salaam. Niongezee mambo mawili ya tarehe maana yanawachanganya wengi wanaosoma kesi hii.

La kwanza, mtakuta vitabu vingine vinasema Clark alipotea Februari 1744 na vingine 1745, mkadhani mtu kakosea. Hakuna aliyekosea. Uingereza mpaka wakati huo mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuwa bado inahesabiwa mwaka wa nyuma. Walibadilisha mwaka 1752, na mwaka huohuo wakaruka siku 11, watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Kwa hiyo ukiona shahidi wa 1759 anakumbuka tarehe za 1745 ujue anavuka kalenda mbili, na wakili mkali angeweza kumchezea hapo, ila kama alivyosema ndugu kalamu, wakili mkali wa kumsemea Aram hakuwepo.

La pili ni kasi ya kunyongwa. Mnashangaa hukumu tarehe 3 kitanzi tarehe 6? Ilikuwa ndiyo sheria. Mwaka 1752 bunge lilipitisha kwamba muuaji anyongwe siku ya pili baada ya siku ya hukumu, ikiangukia Jumapili basi iwe Jumatatu. Tarehe 3 Agosti 1759 ilikuwa Ijumaa. Hesabuni wenyewe. Majaji wengi walipenda kuziweka kesi za mauaji Ijumaa ili mtu apate angalau hiyo Jumapili ya ziada, ndiyo huruma iliyokuwepo. Na sheria hiyohiyo ilikataza muuaji kuzikwa, mwili ama uende kwa madaktari wakaupasue ama utundikwe kwa minyororo hadharani. Aram walimnyonga York kisha wakamrudisha Knaresborough akatundikwa kule msituni, mkewe na watu aliowafundisha wakiwa bado wanaishi hapo mjini.

Nadhani katika siku hizo tatu ndimo jibu la mwanzisha uzi lilipo. Baada ya hukumu walimwendea makasisi na akakiri. Alisema alimuua Clark kwa sababu alimshuku na mke wake. Usiku wa kuamkia kunyongwa akajikata mishipa ya mkono kwa wembe, wakamkuta hajafa, wakamfunga jeraha wakampeleka hivyohivyo.

mfukuzi_wa_kesi

Shikamoo mzee, asante sana hii ya Ijumaa sikuijua kabisa.

Ila hiyo kukiri ndo inanipa shida zaidi badala ya kunipunguzia. Sababu ya mke? Mbona kabla ya hapo hakuna popote wivu unatajwa, kila mtu anazungumzia mali. Mali imefukiwa bustanini kwake. Deni kalilipa ghafla. Mtu aliyeua kwa ajili ya mke halafu akamwacha mke huyohuyo akaenda zake London? Mi naona alikuwa anatengeneza jina, kuua kwa wivu kuna heshima kuliko kuua kwa vijiko vya fedha.

BintiWaMachimbo

Hapo ndo tunakutana mkuu. Aliua, ila sababu kaipamba.

Na tukimtaja mke, jamani Anna hajapewa haki yake kwenye uzi huu. Kwenye uchunguzi wa 1758 yule mama alieleza kwamba usiku ule waliingia wote watatu nyumbani, wakatoka, alfajiri wakarudi wawili bila Clark. Akasikia wananong'ona kuhusu kumpiga risasi yeye akijua kitu. Asubuhi kwenye majivu akakuta mabaki ya nguo zilizochomwa. Huyo ndo shahidi ambaye hakuwemo kwenye mali wala pangoni. Sasa niambieni kwa nini hatumsikii York, mi sijaelewa hapo.

kalamu_nyeusi

Kwa sababu ni mke. Sheria yao ilikuwa mke hawezi kumshuhudia mume mahakamani, isipokuwa vitu vichache kama mume kampiga yeye mwenyewe. Kwenye uchunguzi wa kifo maelezo yake yalisaidia watu wajue wamkamate nani, ila mbele ya jurii mdomo wake umefungwa. Kwa hiyo shahidi safi kanyamazishwa na sheria, shahidi mchafu kasafishwa na sheria ili aongee. Houseman akasema aliona kwa mwanga wa mwezi Aram akimpiga Clark karibu na pango mpaka akaanguka, yeye akaondoka zake. Jurii wakamwamini.

Na wanaouliza kwa nini majaji walitaka sana mifupa ipatikane, kuna kesi ya Campden huko Gloucestershire iliwatia hofu muda mrefu. 1660 mzee William Harrison kapotea, mtumishi wake John Perry akasema mama yangu na kaka yangu wamemuua, wakanyongwa wote watatu pamoja na yeye mwenyewe, halafu 1662 mzee Harrison akarudi nyumbani anatembea na hadithi eti alitekwa akauzwa utumwani Uturuki. Watatu wako kaburini. Tangu hapo kumtia mtu hatiani bila maiti likawa jambo la kuogopwa. Aram mwenyewe kwenye hotuba yake alitumia mfano wa namna hiyo wa watu walionyongwa kisha marehemu akatokea.

sufuria_la_henley

Naomba niingize kesi nyingine kidogo kwa sababu kalamu kasema ushahidi ulikuwa midomo tu, sio kila mara. Miaka michache kabla ya Aram kuna Mary Blandy, Henley, mji mdogo juu ya mto Thames. Baba yake Francis ni mwanasheria, akatangaza binti yangu ana mahari pauni 10,000, wachumba wakaja wakajaa, akapatikana kapteni mmoja wa Scotland, William Cranstoun, kumbe ana mke tayari. Baba akakasirika. Cranstoun akawa anamtumia Mary unga anasema mwekee mzee kwenye chakula atanipenda. Mzee akaugua tumbo, watumishi waliokula mabaki ya uji wake nao wakaugua, mpaka mtumishi Susan Gunnell akachungulia kwenye sufuria akaona unga mweupe chini, akalifungia sufuria lile kabatini likaonyeshwe. Mzee alikufa Agosti 1751.

Kesi Oxford, Machi 1752, siku moja tu, na daktari Anthony Addington akasimama akaeleza majaribio yake: aliuchoma ule unga kwenye chuma cha moto ukatoa moshi mweupe na harufu ya kitunguu saumu, akalinganisha na aseniki aliyoinunua, vikafanana. Hicho ni kitu kipya kabisa kwa mahakama ya wakati ule, kipimo cha aseniki cha uhakika kilikuja 1836. Mary alisema mpaka mwisho alidhani ni dawa ya mapenzi. Kwenye ngazi ya kitanzi akawaomba wasimnyonge juu sana, kwa ajili ya stara.

Ninachotaka kusema, pale kuna mtumishi mwenye akili na sufuria. Kesi ya Aram haina sufuria.

pepo_za_nidd

Susan Gunnell apewe maua yake, konstebo hamna lakini dada wa jikoni kamaliza upelelezi

mfukuzi_wa_kesi

Hiyo ya Blandy nitaianzishia uzi wake maana Cranstoun alikimbilia nje akaponyoka na hilo nalo linahitaji maneno.

Turudi kwa Houseman basi. Mnakubali wote Aram alikuwepo, mzee anasema kakiri, dada anasema hadithi zake zinapingana, sawa. Mi bado nabaki na hili: Houseman alijua kichwa cha Clark kimelala upande wa kulia. Anasema aliona pigo kutoka mbali kwa mwanga wa mwezi halafu akaondoka, na kwamba kesho yake Aram ndo alimwambia maiti iko pangoni. Sawa anaweza kumwambia iko pangoni. Lakini nani anamsimulia mwenzake maiti kichwa kiko kulia? Hiyo unaijua ukiwa umeishika miguu.

BintiWaMachimbo

Umeishika miguu 💀 hapo sina la kusema. Houseman alizika, hilo nakubali. Ila kuzika na kupiga ni mikono tofauti.

kalamu_nyeusi

Kwenye sheria yao mwenye kusaidia palepale eneo la tukio ni muuaji sawasawa na aliyepiga, kwa hiyo kama Houseman alimshika miguu na Aram akapiga, wote wawili kitanzi. Ndo maana ilibidi aachiwe kwanza kabla hajaongea, asingefungua mdomo bure. Terry naye walimweka ndani lakini hawakupata cha kumfunga, akatoka.

mzee_wa_kumbukumbu

Na Houseman alirudi Knaresborough akaishi hapohapo. Kutoka mjini kwenda popote upande wa msitu ilibidi apite karibu na ule mti wa minyororo.